Mmea wa Mama Mdachi

Wiki iliyopita mjukuu wangu alirudi kutoka shule na kitabu cha sayansi. Akakifungua mezani wakati mimi nachambua mchele, akanionyesha picha ya mmea wenye majani marefu, na kwenye ncha ya kila jani kinaning'inia kitu kama kibuyu kidogo chenye mfuniko.

"Bibi," akasema, "mwalimu anasema huu mmea unakula wadudu. Wewe unaamini?"

Nikamwambia naamini, maana nimewahi kuulisha.

"Bibi naye," akasema, akacheka, akafunga kitabu na kutoka nje. Mimi nikaendelea na mchele wangu. Baada ya muda nikaona nimekuwa nikitupa mchele na kubakiza chenga.

Basi nakusimulia wewe, kwa kuwa wewe umri wako na wangu haupishani sana, na ukisikia neno Mdachi, hawa wanaoitwa siku hizi Wajerumani, huulizi ni mnyama gani.

Nilikuwa mtoto, na reli ilikuwa imeshafika Dodoma, lakini bado watu walitoka mbali kuja kulitazama gari la moshi. Walikaa chini kando ya tuta na vyakula vyao, wakasubiri kutwa nzima, na likishapita wakanyanyuka wakarudi kwao. Sisi tulikaa upande wa Mkonze, kwenye tembe la baba yake baba yangu, nyumba ndefu ya udongo yenye paa bapa ambalo juu yake bibi yangu alianika uwele na majani ya mlenda. Ndani mlikuwa na giza hata mchana. Harufu ya nyumba ile ilikuwa ya moshi, ngozi na mbuzi, na nikikuambia kwamba siku hizi naitafuta harufu hiyo kila ninapoingia nyumba ya mtu, usidhani natania.

Baba alifanya kazi kwenye reli, katika kikosi cha kushindilia kokoto. Mama aliwafulia nguo bwana stesheni na mkewe. Bwana stesheni alikuwa Mdachi mrefu mwenye ndevu za rangi ya majani makavu. Mkewe sisi tulimwita mama Mdachi. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kukohoa, na muda mwingi alikaa barazani kwenye kivuli amefumba macho. Nyumba yao ilikuwa na paa la bati, na mvua ikinyesha maji yaliteremka kwa mfereji hadi kwenye pipa kubwa lenye bomba. Maji yale yalikuwa matamu. Yetu sisi, ya visima vya mchangani, yalikuwa ya chumvi, ukifulia nayo sabuni haitoi povu, na ukiyaacha kwenye mtungi yanaacha ukoko mweupe ukingoni. Ng'ombe walikunywa hapohapo tulipochota.

Kila asubuhi niliandamana na mama kwenda stesheni. Yeye alijitwika nguo, mimi nilimbeba mdogo wangu mgongoni kwa mbeleko ya kaniki. Alikuwa ameanza kukaa, hajaanza kutambaa. Kazi yangu ilikuwa kumbeba mpaka mama amalize kufua, na akilia nimpeleke akanyonye. Mwezi wa mavuno alianza kuhara. Bibi alimchemshia mizizi, mama akamnyonyesha mara kwa mara, akapata nafuu siku mbili, kisha akarudi palepale. Siku ya tatu mama alikuwa na shuka nyingi. Mimi nilizunguka na mtoto nyuma ya stesheni, kwenye kivuli cha behewa lililoegeshwa, naye alilia kidogo, akanyamaza. Nilifurahi kwamba amelala. Nilisimama pale nikitazama wanaume wakishusha magunia. Mama alipokuja kumchukua ndipo tulipojua.

Sikulia. Mama pia hakulia. Tulirudi nyumbani kwa njia ileile, yeye amembeba mtoto kifuani, mimi nimejitwika kapu la nguo, na nakumbuka kwamba lilikuwa zito na nilitaka kupumzika lakini sikusema. Wanawake walikuja wakalia kwa niaba yetu. Baba alichimba.

Baada ya hapo mama aliacha kuzungumza nami. Sisemi alininunia, wala hakunipiga. Alinitazama kama unavyotazama kigoda. Akitaka kitu alisema neno moja tu: kuni, maji, chumvi. Usiku alilala amegeukia ukuta. Bibi alikuwa akimwambia, "Mwanangu, zungumza japo na mtoto wako," naye aliitikia, "Ndiyo, mama," akanyamaza. Mimi nikajua sababu. Hakuna aliyeniambia, lakini mtoto alikuwa mgongoni kwangu, nami nilidhani amelala.

Nyasi zilikuwa zimeshakauka mama Mdachi alipozidiwa. Homa ilikuwa haimtoki, na daktari akaamua apelekwe pwani kwenye hospitali kubwa. Sasa mama huyu alikuwa na mmea aliotumiwa kutoka kwenye bustani ya Wadachi huko milima ya Tanga. Aliuweka barazani ndani ya sanduku la kioo, kwa kuwa kwetu hewa ni kavu na upepo unakausha hata macho. Ndio mmea ule wa kitabuni. Ulikuwa na vibuyu vitano, vya kijani chenye madoa ya rangi ya damu iliyokauka, na ndani ya kila kimoja kulikuwa na maji kidogo. Inzi alikuja kwa ule utamu wa mdomoni mwa kibuyu, akateleza, hakutoka. Mama alikuwa akiusafisha majani kwa kitambaa akimaliza kufua, maana mwenyewe mikono ilikuwa ikimtetemeka.

Siku ya kuondoka walimbeba kwa kiti mpaka kwenye behewa. Alimwita mama yangu, akamwonyesha sanduku, akasema kwa Kiswahili chake, "Wewe. Maji ya mvua. Mimi rudi." Mama akaitikia kwa kichwa. Gari likaondoka.

Bwana stesheni hakuutaka mmea ule barazani kwake. Alimwambia baba auchukue nyumbani, mama yangu ndiye atauchunga, na akaongeza neno ambalo baba alilileta jioni akiwa anatazama mikono yake.

"Amesema mti ukifa, hamsa ishirini."

Wewe unaijua hamsa ishirini. Viboko ishirini na tano, mtu amelazwa kifudifudi mbele ya wenzake. Kwenye kikosi cha baba kulikuwa na mtu aliyekula hizo na hakukaa chini kwa wiki mbili.

Bibi akasema, "Kwa ajili ya mti?"

"Kwa ajili ya mti," baba akasema.

Mama alikuwa ameshauweka mmea mlangoni, pale penye mwanga lakini jua halifiki, na anafuta vumbi kwenye kioo. Kioo cha upande mmoja kilikuwa kimevunjika njiani, mwanamume aliyesaidia kubeba alijikwaa. Upepo ulikuwa unaingia. Mama aliingia ndani, akatoka na mbeleko ya kaniki, akailowesha, akaifunika pale palipovunjika. Bibi alipoiona alikwenda nje kwenye zizi la mbuzi, akakaa huko mpaka chakula kikawa tayari.

Basi ndivyo mmea ulivyoingia kwetu. Kazi yangu ikawa inzi na kuni. Inzi hatukuwa na shida nao, palipo na ng'ombe kuna inzi. Niliwakamata kwa kiganja kwenye kidonda cha shingo ya ndama, nikawaminya mbawa kidogo, nikawadondosha kibuyuni mmoja mmoja. Watoto wa jirani walikuja kutazama mwanzoni, wakachoka. Jirani mwenyewe, mtu wa ng'ombe wengi na maneno mengi, alikuja akauzunguka mmea, akauliza kama kweli unakula nyama. Baba akamwambia unakula inzi. "Inzi ni nyama ndogo," jirani akasema, na kesho yake akaleta kipande cha ini la mbuzi, akakitumbukiza kwenye kibuyu kikubwa kuliko vyote kabla hatujamzuia. Baada ya siku nne kibuyu kile kilinuka, kikawa cheusi, kikadondoka. Vikabaki vinne.

Mwanzoni mama alirudi kila siku na chupa ya maji kutoka pipa la bwana stesheni. Lakini mvua za mwaka uliopita zilikuwa haba, pipa lilipungua, na siku moja bwana stesheni akafunga bomba kwa kufuli. Maji yaliyobaki yalikuwa yake ya kunywa. Baba alitaka kwenda kumweleza kwamba maji hayo ndiyo ya mmea wa mkewe. Alikwenda, akarudi. Sikumsikia akieleza alichojibiwa.

Tukaunywesha ya kisimani. Haikupita nusu mwezi majani yakaanza kukauka ncha, rangi ya kahawa ikipanda taratibu kama moto kwenye karatasi. Vibuyu viwili vikasinyaa. Ule ukoga laini ulioota chini ya shina ulifanya ukoko mweupe, ukoko uleule wa mitungi yetu. Baba alikuwa akirudi kutoka kazini anauinamia kwanza mmea kabla ya kutusalimu. Siku moja alisema, "Mama watoto, afadhali nitoroke niende Kilimatinde kwa ndugu zangu."

"Watakufuata," mama akasema.

Hilo lilikuwa neno refu kuliko yote aliyosema mwezi ule.

Sasa nikuambie habari ya maji. Nilikuwa nimekaa jikoni mchana napika ugali wa uwele, bibi amelala, mama yupo mlangoni anautazama mmea. Maji yalichemka, nikafunua sufuria, na kwenye kifuniko cha bati, kifuniko ambacho mama alipewa na mama Mdachi kilipobonyea, matone yakanidondokea mkononi. Nilikuwa na kiu. Nikayalamba. Sijui kwa nini mtu analamba kifuniko, lakini mtoto hulamba kila kitu. Hayakuwa na chumvi. Nikalamba tena nihakikishe. Nikakaa pale na kifuniko mkononi, moto unaunguza kuni, na nilijiuliza kama nimwambie au nisimwambie, kwa maana nilikuwa nimezoea kutosemeshwa, na jambo ukishalizoea unaogopa kulivuruga.

Mwishowe nikamwendea. "Mama," nikasema, "maji ya kifuniko ni matamu."

Alinitazama. Akachukua kifuniko, akaweka ulimi. Kisha akaingia jikoni, akaiepua sufuria yangu kabla sijatia unga, akaijaza maji ya kisimani, akaitenga motoni, akaifunika kwa kile kifuniko akikiinamisha, upande mmoja umeegemea jiwe, na chini ya ukingo akaweka kata. Tukasubiri. Tone, halafu muda, halafu tone. Jua lilipoinama kata ilikuwa na maji ya kufunika kidole kimoja. Mama aliyapeleka kwenye mmea kwa mikono miwili kama anabeba kifaranga.

Kuanzia siku ile, hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya nyumba yetu. Kuni ziliisha karibu na nyumba, nikawa natembea mpaka vilimani kuzifuata. Miguu yangu ilipasuka. Bibi alinung'unika kwamba tunachoma pori zima kwa ajili ya kikombe cha maji cha mti wa watu. Mama alikaa mbele ya sufuria kabla ya kwenda kufua na akirudi, hatingishiki, anatazama ukingo wa kifuniko. Nilikuwa nikimtazama anavyoutazama, na ndani yangu hakukuwa na wivu wala hasira, palikuwa tu kama nyumba iliyohamwa. Nilijua mdogo wangu alikunywa ya kisimani. Nadhani na mama alilijua hilo kila tone lilipoanguka. Hatukulisema.

Majani mawili yalikufa. La tatu likasimama, halikuendelea kukauka. Kisha siku moja, joto la kabla ya mvua limepamba moto, wanaume wanalala chini ya mabehewa mchana, nikaona kwenye ncha ya jani changa kitu kama ulimi wa paka, kimefumba. Sikumwita mtu. Nilikuwa nakwenda kukitazama kila asubuhi. Kikavimba, kikapata rangi, na siku ya saba au ya nane kifuniko chake kikafunguka.

Mama alikuwa hajakiona bado, au labda alikuwa amekiona akanyamaza kama mimi, bwana stesheni alipokuja. Ilikuwa alasiri. Alikuja kwa miguu, peke yake, bila askari, na baba anamfuata nyuma hatua kumi. Kiboko kilikuwa mkononi. Mimi nilikuwa na inzi kiganjani. Bibi alisimama mlangoni, akajisogeza mbele ya mmea, mwanamke mdogo wa mwili, akapanua kanga yake ya zamani kama anafukuza kuku.

"Bado hai," bibi akasema kwa Kigogo. "Mwambie bado hai."

Baba akamwambia kwa Kiswahili. Bwana stesheni alimpita bibi, akainama, akainua mbeleko, akatazama ndani ya sanduku kwa muda mrefu. Akagusa kibuyu kipya kwa kidole. Akaona sufuria na jiwe na kata.

"Maji gani?"

Baba akamweleza. Alieleza vibaya, akarudia. Bwana stesheni akatikisa kichwa, akavua kofia, na nywele zake zilikuwa zimelowa jasho zimegandamana kichwani. Akasema, "Mke yangu kufa. Pwani. Barua leo."

Mbuzi walikuwa wanalia zizini wakidai kutolewa. Mama alikuwa amechuchumaa penye sufuria, hakuinuka, akasema maneno kwa Kigogo, polepole, na baba akayatafsiri.

"Anasema pole, bwana. Anasema na yeye alizika mtoto wakati wa mavuno."

Bwana stesheni akamgeukia. Mama alikuwa amemfulia shuka siku ile alipokufa mtoto, na siku iliyofuata mazishi, na kila siku tangu hapo. "Mimi hapana jua," akasema.

Mama akainua mabega. Ni kweli hakujua. Nani angemwambia, na kwa nini.

Alisimama kidogo, akionekana kama mtu aliyesahau alichofuata dukani. Kisha akasema, "Mti, yenu," akavaa kofia, akaondoka kwa njia aliyojia. Kiboko nilikuwa nimekisahau mpaka nilipokiona kinayumba mkononi mwake mbali kwenye njia. Baba aliketi chini. Bibi akasema anahitaji maji ya kunywa.

Mama aliivuta ile mbeleko kutoka kwenye sanduku, akaikamua, akaianika ukutani juani. Akaja akasimama mbele yangu. Nilifungua kiganja, inzi akaruka.

"Umekula?" akaniuliza.

Nikamwambia sijala. Akasonga ugali mwenyewe, akapika mlenda ule uliokaushwa, unaovutika mpaka kidevuni, akaketi mbele yangu mpaka nikamaliza. Hakusema kingine siku hiyo. Lakini tangu hapo aliniuliza kila siku, hata nilipokuwa mke wa mtu mwenye jiko langu.

Mvua zilikuja, tukakinga maji kwa kila chombo, na mmea ukaishi. Ulifikisha vibuyu tisa. Halafu vita vya Wadachi na Waingereza vikafika, askari wakachukua nafaka na ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, baba akiwa mmoja wao, na hakurudi. Sisi tulikimbilia kwa wajomba, na nani abebe sanduku la kioo. Bwana stesheni sijui aliishia wapi. Bibi alikufa njaa ilipobana. Tembe lilibomoka kwa kukosa mtu wa kuliezeka upya, siku hizi pale pana shamba la zabibu la mtu nisiyemjua, na maji yanakuja kwa bomba. Behewa lile nyuma ya stesheni halipo. Watu wa wakati ule tukihesabiana tunabaki wachache, na tukikutana tunazungumzia magonjwa yetu.

Mama aliishi miaka mingi. Alipokuwa amezeeka hata kutembea hawezi, mimi ndiye nilimwogesha, na mara moja, namsugua mgongo, nilimwuliza neno nililolibeba tangu nikiwa na miaka minane au tisa. Nilimwuliza kama alidhani ni mimi niliyemwua mdogo wangu.

Aliinama mbele, mgongo ukanifikia vizuri.

"Maji yalikuwa mabaya mwaka ule," akasema. "Nimwagie tena hapo begani."

Nikammwagia.